Sura ya Tano: Farasi Mia Tano, Dereva Mmoja

Mwaka 2004 kipindi cha magari cha televisheni ya Uingereza, Top Gear, kilimpeleka mtangazaji wake Jeremy Clarkson kwenye Nordschleife, ile barabara ya mashindano ya Nürburgring nchini Ujerumani, yenye urefu wa karibu kilomita 21 na kona zaidi ya 70 zinazopanda na kushuka msituni. Gari alilopewa lilikuwa Jaguar S-Type ya dizeli, sedani ya milango minne yenye nguvu farasi 200 na ushei, gari la kumpeleka mkurugenzi ofisini kuliko la kushindania. Baada ya kufundishwa na kurudia tena na tena, Clarkson aliumaliza mzunguko kwa dakika 9 na sekunde 59. Kisha mwalimu wake, Sabine Schmitz, mwenyeji wa eneo lile aliyekwisha kushinda mbio za saa 24 za hapo hapo mwaka 1996 na 1997, akashika usukani wa gari lile lile. Akatumia dakika 9 na sekunde 12. Sekunde 47 zilipatikana bila fundi kugusa injini. Mwaka uliofuata Schmitz alirudi na gari la mizigo, Ford Transit ya dizeli, akitaka kuuvunja muda wa Clarkson. Alimaliza kwa dakika 10 na sekunde 8; akaukosa kwa sekunde 9.

Televisheni hupenda kutia chumvi, na Schmitz hakuwa dereva wa kawaida: alikulia jirani na barabara ile na aliizunguka maelfu ya mara. Basi tupunguze. Tukate nusu ya sekunde zile 47 kwa ajili ya uenyeji wake, ingawa kuijua barabara nako ni sehemu ya ustadi. Zinazobaki bado ni nyingi kuliko zile ambazo dereva wa ridhaa huzipata kwa kuongeza tabo au kubadilisha programu ya injini. Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba katika mashindano ya sedani za kasi, hasa yale ambayo kila dereva hukimbizana na saa badala ya kugombania nafasi na mwenzake, nguvu ya injini hutumika kwa sehemu tu ya mzunguko, na anayeamua ukubwa wa sehemu hiyo ni dereva. Anayenunua farasi kabla ya kujua kuwatumia hupata pungufu ya alicholipia, na mara nyingi hupoteza kwingine kile alichokipata.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko kwenye vifaa vya kurekodi mwendo, ambavyo siku hizi si anasa tena. Hata simu yenye GPS hufanya sehemu ya kazi hiyo. Mchoro wa pedali ya mafuta wa dereva mzoefu una ncha kali: mafuta yote, breki, kona, mafuta yote tena. Mchoro wa dereva mgeni umejaa mabonde. Huachia mafuta mapema, gari likaenda lenyewe kwa mita kadhaa bila kuvutwa wala kuzuiwa. Kisha hugusa breki kwa woga, akaikaza zaidi anapoona kona imefika, akaingia polepole kuliko ilivyohitajika. Akiwa katikati ya kona hurekebisha usukani mara mbili tatu, na anapotoka husubiri gari linyooke kabisa ndipo akanyage. Muda wote huo injini haina kazi. Iwe na farasi 200 au 600, inangoja amri. Watu hutazama kasi ya mwisho wa barabara nyoofu kwa sababu ndiyo namba inayosisimua, lakini penye mengi ya kujifunza ni katika yale mabonde, pale ambapo mguu wa kulia haupo kwenye mafuta wala kwenye breki.

Tufanye hesabu nyepesi ya kona moja na barabara nyoofu inayoifuata. Chukua kona ya digrii 90 yenye nusu kipenyo cha mita 50, na sedani ya kilo 1,600 yenye matairi yanayohimili msukumo wa pembeni ulio sawa na uzito wa gari lenyewe. Kasi ya juu kabisa inayowezekana hapo ni kilomita 80 kwa saa hivi. Dereva anayethubutu kutumia asilimia 80 tu ya mshiko wa matairi atapita kwa kilomita 71. Ndani ya kona peke yake amepoteza karibu sekunde 0.4. Kabla ya kona alifika akiwa na kilomita 205 kwa saa. Mzoefu anayezikaza breki hadi mwisho wa uwezo wa matairi huhitaji mita 140 kupunguza kasi hadi 80, na yule anayetumia asilimia 70 ya uwezo huo huhitaji mita 200, maana yake ni karibu nusu sekunde nyingine. Kisha kwa kuwa alitoka kwenye kona akiwa na kasi ndogo, anaibeba hasara hiyo katika mita 500 zote za barabara nyoofu, na mwisho wake amechelewa robo sekunde zaidi. Jumla yake ni sekunde moja na kidogo. Sasa mpe mzoefu yule yule farasi 80 zaidi, kutoka 250 hadi 330 zinazofika kwenye magurudumu. Katika mita 500 hizo atapata takriban sekunde 0.85, na hapo upinzani wa hewa nimeuacha nje ya hesabu. Ukiuingiza, faida inapungua.

Kuna atakayesema kwamba sekunde 0.85 si haba, na ni kweli. Ila nimeipendelea injini kwa makusudi. Mita 500 za kukanyaga mafuta bila kuachia baada ya kila kona ni neema ambayo viwanja vingi vya mashindano havina. Kona nyingi hufuatana, moja ikikabidhi nyingine, na kati yake hakuna nafasi ya farasi kunyoosha miguu. Makosa ya dereva, kwa upande wake, hayachagui mahali. Yapo kwenye kila kona, na hujirudia mzunguko baada ya mzunguko.

Isitoshe, hizo farasi 80 haziji peke yake. Mwisho wa barabara nyoofu gari litakuwa na kilomita 224 kwa saa badala ya 205. Nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo breki zinapaswa kumeza karibu moja ya tano zaidi ya joto katika kila kona ya aina hiyo, na hapa ndipo sedani nyingi za mtaani huumbuka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu kadiri miezi inavyopita, na yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari halisimami. Aliyelipia injini akasahau chupa ya mafuta mapya ya breki atamaliza siku yake akiendesha polepole kwa hofu. Matairi nayo yana mkasa wao: torki kubwa katika mguu usio na adabu huyachemsha hadi yakapoteza mshiko, na mizunguko miwili baadaye lile gari la nguvu linapitwa kwenye kona na magari ambayo mwenye nalo alikuwa akiyadharau.

Mfano unaotajwa mara nyingi kuthibitisha ukuu wa dereva ni shindano la Mei 12, 1984, uwanja mpya wa Nürburgring ulipofunguliwa. Mercedes-Benz ilitoa sedani 20 za aina moja, 190 E 2.3-16, ambazo toleo lake la barabarani lilikuwa na farasi 185, ikawaalika mabingwa wa zamani na wa wakati huo. Kijana wa Kibrazili aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa Formula 1, Ayrton Senna, aliwashinda wote. Niki Lauda, aliyeanzia nyuma ya kundi, akashika nafasi ya pili, na Carlos Reutemann ya tatu. Mfano huu naupenda, lakini haubebi kila mzigo unaotwishwa. Alain Prost, aliyeanza mbele ya wote, alimaliza wa 15 baada ya kugongwa, na hakuna mwenye akili atakayesema Prost alikuwa dereva wa kumi na tano kwa ubora siku ile. Shindano moja lina bahati ndani yake. Linachothibitisha ni kidogo zaidi ila ni imara: ukisawazisha farasi, magari hayafiki pamoja. Kama injini ndiyo ingekuwa inaamua, Lauda asingeweza kutoka nyuma hadi nafasi ya pili kwa gari lisilo na kitu cha ziada kuliko yale aliyoyapita.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni hili la rekodi. Mtu atasema: tazama muda wa Nordschleife unavyoshuka mwaka hadi mwaka, na tazama farasi wanavyoongezeka, vitu hivi viwili vinakwenda sambamba. Vinakwenda sambamba kwa sababu kampuni huweka kwenye usukani madereva ambao tayari wamemaliza masomo. Kwao kila farasi anayeongezwa anatumika. Na hata hapo, faida si kubwa kama matangazo yanavyodai. Mwaka 2016 Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio, sedani ya farasi 510, ilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 32. Mwaka 2021 Tesla Model S Plaid, yenye farasi 1,020, iliandikiwa dakika 7 na sekunde 30.9. Nguvu mara mbili, pungufu ya sekunde moja na nusu. Sababu kubwa ni uzito: Tesla ile ni nzito kwa takriban nusu tani, na uzito hulipwa kwenye kila kona na kila breki. Shuka ngazi upande wa pili. Honda Civic Type R ya mwaka 2017, yenye farasi 320 na inayovutwa na magurudumu ya mbele, ilitumia dakika 7 na sekunde 43.8. Farasi 190 chini ya Giulia, sekunde 12 nyuma. Linganisha sekunde hizo 12 na zile 47 zilizowatenganisha watu wawili ndani ya Jaguar moja. Hesabu hii si ya kimaabara, hali ya hewa na matairi vilitofautiana, ila pengo ni pana mno kufichwa na tofauti hizo.

Wajapani walitoa ushahidi mwingine bila kukusudia. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wao walikubaliana wasitangaze gari la soko la nyumbani lenye zaidi ya farasi 280. Baadhi ya injini zilizidi hapo kimyakimya, hilo halikuwa siri kubwa, lakini kwenye karatasi dari lilikuwa lile lile kwa wote. Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX, sedani mbili zilizoshindana toleo kwa toleo miaka hiyo, hazikuweza kuuzwa kwa kutaja namba kubwa zaidi. Ikabidi wahandisi watafute muda kwingine: difu zinazogawa torki kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, breki kubwa, bodi ngumu zaidi, sasipenshi bora, matairi mapana. Matokeo yake ni magari ambayo mpaka leo yanaheshimika viwanjani kuliko sedani nyingi zenye farasi wengi zaidi. Mengi yaliletwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika, na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yana mashabiki wa kufa na kuzikana. Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi kitu cha kwanza ambacho mwenye gari hilo hukitaka kwa fundi ni tabo kubwa zaidi, kana kwamba ule utajiri mwingine wote uliowekwa chini ya gari amekwisha kuutumia.

Pingamizi la pili linatoka kwa waandaaji wenyewe. Kama farasi si kitu, mbona vyama vya mashindano huyapanga magari kwa madaraja? Chama cha NASA cha Marekani, cha magari na si cha anga, hugawa madaraja ya mbio za muda kwa uwiano wa uzito na nguvu, na magari hupimwa kwenye mashine kabla ya kukubaliwa. Jibu langu ni kwamba madaraja yapo kwa sababu kati ya madereva wanaolingana, nguvu huamua. Hilo silikatai hata kidogo. Ukiwaweka Schmitz wawili kwenye magari mawili, mwenye farasi wengi atashinda, isipokuwa gari lake liwe zito sana. Lakini dereva wa ridhaa aliye katikati ya msimamo halinganishwi na dereva bora. Analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita na wenzake wa daraja lake. Tena ndani ya daraja moja, ambako nguvu imesawazishwa kwa makusudi, tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho haifutiki. Kuna hata mbio za Marekani ziitwazo 24 Hours of LeMons, zilizoanza mwaka 2006, ambazo gari lenyewe linatakiwa lisizidi thamani ya dola 500. Timu inayotamba huko ni ile isiyoitwa pembeni kwa makosa na isiyokaa gereji, na injini kubwa katika gari la dola 500 kwa kawaida ni sababu ya kukaa gereji.

La tatu ni la vifaa vya kielektroniki. Siku hizi, wanasema, gari linajua kuendesha kuliko dereva: kompyuta hupunguza nguvu gurudumu likianza kuteleza, huzikamata breki moja moja gari likitaka kuzunguka, hubadilisha gia kwa kasi ambayo mkono hauwezi. Ni kweli, na vifaa hivyo vimeokoa maisha ya wengi barabarani. Lakini kompyuta haiongezi mshiko wa matairi, huugawa tu ule uliopo. Haikuchagulii mahali pa kuanza kukaza breki, haikuonyeshi mstari wa kuingilia kona, wala haikuambii kwamba ungeweza kukanyaga mafuta mita 20 mapema. Mbaya zaidi, huficha makosa. Dereva wa gari la farasi 500 anayekanyaga mafuta katikati ya kona hukatiwa nguvu na kompyuta bila kuhisi lolote, akatoka akidhani ametumia farasi 500 kumbe ametumia 250. Katika gari la farasi 150 kosa hilo humkera papo hapo, kwa sababu kasi aliyoipoteza haitarudishwa na injini. Gari dhaifu humwambia ukweli mapema, na ndiyo maana namwona aliyeanzia huko kuwa na bahati, ingawa mara nyingi aliyemweka huko ni mfuko wake.

Nimeliacha mwisho pingamizi ninaloliona kuwa gumu kuliko yote. Nguvu inanunulika, ustadi haununuliki. Mtu mwenye kazi, familia na wikiendi chache kwa mwaka hawezi kuwa Schmitz, lakini anaweza kulipa fundi leo na kesho akaenda kasi zaidi. Je, si busara anunue kinachonunulika? Nadhani pingamizi hili linachanganya mambo mawili: kipaji cha bingwa na umahiri wa kawaida. Kipaji hakiuzwi. Umahiri wa kawaida, ule wa kukaza breki kwa mkupuo mmoja, kutazama mbali, kuingia kona kwa mstari unaofaa na kufungua usukani huku ukikanyaga mafuta, hufundishwa kila mwisho wa wiki na walimu wa vilabu, kwa ada ambayo aghalabu haifikii bei ya tabo moja na kazi ya kuifunga. Na hudumu. Injini iliyoongezwa nguvu huchakaa, huuzwa pamoja na gari, na katika daraja linalopima uwiano wa nguvu na uzito humpandisha mwenye nayo akakutane na wakali zaidi. Alichojifunza mguuni anahama nacho hadi gari lijalo. Hata kwa anayehesabu shilingi kwa shilingi, farasi ni ununuzi wa baadaye.

Wa baadaye, sijasema wa kamwe. Kuna siku dereva wa ridhaa huwa ameumaliza uwezo wa gari lake, na hapo kumwambia arudi darasani ni kumpotezea muda. Shida ni kwamba karibu kila mtu hudhani siku hiyo imekwisha kufika kwake. Kuna njia rahisi ya kuijua, na haihitaji hesabu niliyoifanya hapo juu. Kabla ya kwenda kwa fundi, badilisha mafuta ya breki, kagua pedi na matairi, kisha mkabidhi mwalimu wa klabu gari lako kwa mizunguko mitatu, siku ile ile, uwanja ule ule. Kaa kiti cha abiria na utazame miguu yake, usitazame kipima mwendo. Muda wake ukiwa mbele ya wako kwa sekunde tatu au nne, sekunde hizo tayari ziko ndani ya gari unalolimiliki, na fundi hana za kukuuzia zaidi ya hizo kwa bei yoyote ya maana. Zikiwa pungufu ya nusu sekunde, nenda ukanunue farasi.